Fedha Zilizo Ndani ya Simu Hukaa Wapi? Somo kwa Wakazi wa Kata Kuhusu Vodacom Tanzania na M-Pesa

Mkazi anayelipia leseni ya biashara au pango la kizimba cha sokoni kwa njia ya simu hutumia huduma ambayo wengi wameizoea bila kuielewa. Mazoea hayo huwa hayana madhara hadi siku fedha zinapopotea. Hapo ndipo maswali huanza: fedha zilikuwa wapi, nani alikuwa amezishika, na mlango wa kubisha ni upi? Somo hili linaeleza namna huduma hiyo inavyofanya kazi, kwa kuitazama kampuni moja ambayo kwa miaka mingi imeongoza nchini kwa idadi ya laini.

Historia kwa ufupi

Vodacom Tanzania ilianza kutoa huduma mwezi Agosti 2000, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha wachache wa mijini. Mwenye hisa nyingi ni Vodacom Group ya Afrika Kusini. Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya huduma kama hiyo kuanza nchini Kenya, kampuni ilileta M-Pesa. Mwaka 2017, kwa kutekeleza sheria iliyozitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma, iliuza hisa 560,000,100 kwa shilingi 850 kila moja, na Agosti 15 ya mwaka huo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Kinachotokea kwa wakala

Mtu anapompa wakala shilingi 20,000 ili ziwekwe kwenye simu, noti hizo hazisafiri popote. Hubaki ndani ya droo ya wakala. Kinachohama ni salio: floti ya wakala hupungua kwa shilingi 20,000, na salio la mteja huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Wakala aliinunua floti hiyo awali kwa fedha halisi, na fedha hizo huhifadhiwa katika akaunti maalumu za dhamana kwenye benki za biashara. Mteja anapotoa fedha, mambo huenda kinyume: salio lake hushuka, floti ya wakala hupanda, na noti hutoka kwenye droo.

Kwa hiyo, wakala anayesema “floti imekwisha” hawezi kuweka, na anayesema “sina keshi” hawezi kutoa. Si lazima mtandao uwe na hitilafu. Vilevile, fedha za wateja si mali ya kampuni kutumia itakavyo. Huduma hii inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, nayo inataka fedha hizo zitengwe na mali ya mtoa huduma.

Ujumbe si salio

Kutokana na maelezo hayo linapatikana fundisho kubwa kuliko yote. Ushahidi wa fedha ni salio lililo katika kumbukumbu za kampuni. Ujumbe mfupi ni taarifa tu, na taarifa huweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye simu. Muuza duka anayetoa mfuko wa saruji kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi ametoa mali kwa maneno. Anapaswa kwanza kuangalia salio lake mwenyewe.

Matapeli hutumia mwanya huo huo. Mmoja hutuma ujumbe: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Humfikia mtu ambaye kweli alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba au ada ya mtoto, naye akatuma bila kuuliza. Mwingine hupiga simu akidai amekosea kutuma fedha na kuomba zirudishwe, ilhali salio halijaongezeka hata senti. Wa tatu hujifanya mtumishi wa kampuni na kuuliza namba ya siri. Namba ya siri haiombwi na mtumishi yeyote wa kweli, wala wakala hana haki ya kuijua.

Hatua za kuchukua

Kwanza, anayepokea ujumbe wa kitapeli autume kwenda namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Huduma hiyo iliwekwa ili laini za matapeli zifungiwe.

Pili, kila mkazi apige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa. Laini asiyoitambua inaweza kutumika kufanya uhalifu kwa jina lake. Aende kwa mtoa huduma ikafutwe.

Tatu, aliyekosea namba wakati wa kutuma apige mara moja huduma kwa wateja, ambayo kwa Vodacom ni 100. Muda ni muhimu, kwa sababu fedha zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirejesha huwa kugumu.

Nne, lalamiko lipelekwe kwanza kwa kampuni, na mlalamikaji aweke namba ya muamala na tarehe. Asiporidhika na majibu, yahusuyo mawasiliano huyapeleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na yahusuyo fedha za simu huyapeleka Benki Kuu.

Tano, anayechoshwa na mtandao mmoja ana haki ya kuhamia mwingine huku akibaki na namba yake. Haki hiyo ipo tangu Machi 2017.

Malipo ya Halmashauri

Malipo ya Serikali kwa simu hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali. Namba hiyo hubeba jina la huduma na kiasi kinachodaiwa, na fedha huingia katika akaunti ya umma. Mkazi asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Fedha zilizotumwa kwenye namba binafsi ya mtu, hata akiwa mtumishi anayefahamika, hazijalipa deni. Mlipaji bado hudaiwa. Anayelipa kwa fedha taslimu adai risiti ya mashine ya kukusanyia mapato papo hapo.

Pale mtandao usipofika

Yote hayo hayana maana katika kitongoji ambacho simu hushika mpaka mtu apande kilima. Kampuni hujenga minara pale inapotarajia wateja wa kutosha. Kwa maeneo mengine upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni ili zijenge minara vijijini. Wakazi wa maeneo hayo waeleze hitaji lao katika mkutano wa kijiji, wakitaja vitongoji, shule na zahanati zisizo na mtandao, ili hoja ifike Kamati ya Maendeleo ya Kata ikiwa na maelezo kamili.

Maswali ya kujipima

1. Wakala akipokea shilingi 20,000 za kuweka, floti yake huongezeka au hupungua?
2. Kwa nini ujumbe mfupi hautoshi kuwa ushahidi wa malipo?
3. Ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na unazitambua zote?
4. Malipo yako ya mwisho kwa Halmashauri yalikuwa na namba ya kumbukumbu au risiti? Iko wapi?