Kabla Hujamwita Dereva Mwizi: Hesabu ya Dizeli kwa Lori Kuukuu

Wengi wetu tunaosoma vyuo vya Iringa na Mbeya tunasomeshwa na mazao na mbao, na mazao na mbao husafiri kwa lori. Siyo lori jipya. Ni Fuso au Isuzu la miaka ya tisini lililonunuliwa kwa mkono wa tatu, linalopakia viazi Njombe, mbao Mafinga, mchele Chimala au ndizi Tukuyu. Lori hilo likianza kula mafuta, nyumbani hutokea mambo mawili: ada inachelewa, na dereva anaitwa mwizi. Neno lenyewe ni "anachota". Nimeshuhudia madereva wawili wakifukuzwa kwa neno hilo bila mtu yeyote kupima kitu. Inawezekana mmoja wao alichota kweli. Wapo wanaochota, tusidanganyane. Ila pale hakuna aliyekuwa na uhakika, na watu wawili wakakosa kazi.

Hisabati na fizikia ya sekondari inatosha kabisa kulichunguza jambo hili. Wanajumuiya wenzangu mnaosomea ualimu, siku mwanafunzi wa Makambako atakapouliza "mwalimu, hii hesabu itatusaidia nini?", mpelekeni kwenye lori.

Wastani unaodanganya

Tuanze na kosa ambalo nadhani limefukuzisha madereva wengi kuliko ubovu wa injini. Tajiri anajua kuwa lori lake tupu linakwenda kilomita 4 kwa lita, na likipakia linakwenda kilomita 2. Anasema wastani ni 3. Safari ni kilomita 300 kwenda tupu na 300 kurudi na mzigo, jumla 600. Anagawa kwa 3, anatoa hela ya lita 200.

Sasa piga hesabu kwa kila upande. Kwenda: 300 gawanya kwa 4 ni lita 75. Kurudi: 300 gawanya kwa 2 ni lita 150. Jumla ni lita 225. Dereva anapungukiwa lita 25 akiwa hajagusa hata tone, na kama dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 75,000 kila safari. Akikopa njiani ili afike, anaambiwa anatafuta njia ya kula. Wastani sahihi ni kilomita 600 gawanya kwa lita 225, yaani 2.67 na siyo 3, kwa sababu lori linatumia lita nyingi zaidi katika ule upande mbaya. Ndiyo maana napenda kuhesabu lita kwa kila kilomita 100. Hapo upande wa kwenda ni lita 25, wa kurudi ni 50, wastani wa umbali ulio sawa ni 37.5, na huo haudanganyi.

Kijiti na tangi

Geji ya mafuta kwenye lori kuukuu mara nyingi imekufa, kwa hiyo watu hupima kwa kijiti. Tangi likiwa la umbo la boksi, kijiti kinasema kweli: robo ya kimo ni robo ya mafuta, ukiacha pembe zilizoviringwa kidogo. Lakini yapo malori yenye tangi la umbo la pipa lililolazwa. Hapo nusu ya kimo ni nusu ya mafuta, ila robo ya kimo siyo robo. Chora duara, kata kipande cha chini kwenye robo ya kipenyo, utafute eneo lake. Pembe katikati ya duara ni nyuzi 120, na kipande hicho ni kama asilimia 19.6 tu ya duara zima.

Kwa tangi la lita 200 maana yake ni hii: kijiti kikionyesha robo, tajiri anaamini zimebaki lita 50 wakati zimebaki 39. Lita 11 "zimeibwa" na duara. Dawa ni kulipima tangi lenyewe. Lori likiwa limesimama tambarare, tangi likiwa tupu, mimina dizeli kwa dumu la lita 20 lililohakikiwa, kila dumu tia alama kwenye kijiti. Utaona alama zimeachana sana chini na juu, na zimebanana katikati. Kijiti hicho kina thamani kuliko geji.

Kipimo cha safari nacho kina utaratibu wake. Jaza tangi mpaka shingoni, nenda, rudi, jaza tena mpaka shingoni kwenye sheli ileile, pampu ileile, lori likiwa limesimama palepale. Lita ulizoweka mara ya pili ndizo zilizoliwa. Lori likiinama upande mmoja, "full" ya leo haitakuwa "full" ya kesho.

Umbali pia usiuamini haraka. Kile kisoma kilomita hakioni barabara, kinahesabu mizunguko tu. Ukifunga tairi kubwa kwa asilimia 5 kuliko za awali, lori litatembea kilomita 105 lenyewe likiandika 100, na ghafla linaonekana mlafi. Tairi zilizolika husababisha kinyume chake. Tumia umbali wa barabara wenyewe, au ramani ya simu.

Mlima na gunia

Barabara yetu haina tambarare ndefu. Ukitoka Mbeya unashuka mpaka bonde la Usangu, kisha kuanzia Igawa unapanda kwenda Makambako na Mafinga. Anayekuja kutoka Dar anakutana na Kitonga. Kila mita ya kupanda ina bei yake. Chukua lori lenye uzito wa tani 15 pamoja na mzigo, linapanda jumla ya mita 600. Kazi inayofanyika ni kilo 15,000 mara 10 mara 600, sawa na juli milioni 90. Lita moja ya dizeli ina takribani juli milioni 36, na injini yetu kuukuu, ikijitahidi, inageuza kama theluthi moja tu kuwa kazi, yaani milioni 12. Gawanya: lita 7.5 zimeliwa na mlima peke yake, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa tairi. Ukishuka hurudishiwi zote. Nyingi zinaishia kuwa joto kwenye breki. Kwa hiyo usilinganishe safari ya Mbeya hadi Tunduma na ya Chimala hadi Mafinga ukamwita mmoja mwizi.

Uzito nao una uongo wake, unaitwa lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini sote tumeyaona yale magunia ya viazi yenye kilemba juu. Magunia 80 yakiwa ya kilo 100 ni tani 8. Yakiwa ya kilo 130 ni tani 10.4. Tajiri amehesabu magunia, injini imebeba kilo. Kama lori lilipita mizani ya Wenda au Makambako, omba tiketi, hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Hapo hapo niseme kuhusu "frii". Madereva wengine hushuka Kitonga wakiwa wameachia gia ili kubana mafuta. Kwa dizeli, ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye akselereta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na pampu inakata mafuta karibu yote. Ukiwa frii, injini inabaki sailensa na inaendelea kunywa. Hakuna unachookoa, na breki za lori lililojaa zikichemka kwenye kona zile, wote tunajua kinachofuata.

Sasa fungua boneti

Hesabu zikishanyooka na bado lori linakula, ndipo tumwite fundi. Utaratibu ninaoupenda ni kuanza na visivyo na gharama, kwa sababu kuna mafundi ambao jibu lao la kwanza ni kufungua pampu.

Kwanza tairi, asubuhi kabla lori halijatembea. Tairi la ndani kwenye zile za nyuma zinazofungwa mbili mbili linaweza kuwa limepungua upepo na lisionekane kabisa, maana mwenzake amelibeba. Utingo hugonga kwa chuma akasikiliza mlio. Inasaidia kujua lililokufa, siyo lililopungua. Tumia geji.

Kisha breki zinazoshika. Baada ya kutembea barabara iliyonyooka bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, hapo breki haiachii au beringi inakufa. Usimwagie maji, chuma chenye moto hupasuka. Njia nyingine ni kuinua gurudumu kwa jeki, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe mbele na nyuma, ulizungushe kwa mkono.

Halafu hewa, na hapa nyanda zetu zina mambo yake. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa chini yake kidogo. Kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa takribani asilimia 17 au 18 ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo inavuta hewa ya ujazo uleule, ila oksijeni ndani yake ni kidogo. Pampu ya zamani isiyojirekebisha yenyewe inaendelea kumwaga dizeli kama iko Kariakoo. Dizeli iliyokosa hewa inatoka kama moshi mweusi, na moshi huo ni mafuta uliyonunua. Sasa dereva analalamika lori halina nguvu mlimani, fundi anafungulia pampu kuongeza dizeli, moshi unazidi, nguvu inaongezeka kidogo sana au haiongezeki. Kama kuna kitu kimoja utakachokumbuka kuhusu gereji, kiwe hiki: lori la huku likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, tafuta hewa kwanza. Angalia ea klina. Barabara za vumbi za mashamba ya Mufindi na Njombe huijaza upesi wakati wa kiangazi. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Ya karatasi isioshwe kwa petroli, ikichoka inunuliwe nyingine. Lenye tabo, kagua mipira ya hewa kama imepasuka au klipu zimelegea.

Moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto ni habari nyingine: nozeli zinadondosha, taimingi imepotea, au maji yanaingia. Wa bluu ni oili inayoungua. Na kama oili ya injini inaongezeka badala ya kupungua, ikawa nyepesi na inanuka dizeli, zima lori hapo hapo. Hicho ndicho kisa ambacho dizeli "inapotea" kweli bila kuonekana ikivuja chini, na injini inaweza kufa.

Klachi inayoteleza unaitambua mlimani: injini inalia, lori haliongezi mwendo, na kuna harufu ya kuungua.

La mwisho ndilo tulilokutana nalo sisi. Baba yangu mdogo ana lori la mbao, Mafinga hadi Mbeya na kurudi. Mafuta yalipanda, dereva akawa kwenye mazungumzo. Tulipopima kwa kujaza mpaka shingoni, safari mbili mfululizo, baba mdogo akiwa ndani ya kebini kwa safari ya pili, tulipata kilomita 2.4 kwa lita zote mbili. Hakuna aliyechota akiwa amekaa na bosi wake. Kumbe miezi kadhaa nyuma injini ilikuwa inachemsha, na fundi mmoja "akatibu" kwa kutoa thamostati. Kifaa hiki kinazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yakaribie nyuzi 80 hivi. Ukikitoa, injini haichemki, ni kweli, lakini kwenye baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba haipati moto wake kamwe, na injini ya baridi haiunguzi dizeli vizuri. Tukarudisha thamostati, rejeta ikazibuliwa (huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe), na breki moja ya nyuma iliyokuwa inashika ikarekebishwa. Safari iliyofuata, mzigo wa aina ileile: 2.9. Kwa kilomita 500 hivi za kwenda na kurudi, hiyo ni zaidi ya lita 30. Dereva bado yuko, ingawa alikaa wiki nzima akimjibu baba mdogo kwa "ndiyo mzee" na "hapana mzee" tu.

Anayetaka kuanza anahitaji daftari. Aandike tarehe, njia, uzito wa mizani, kilomita, lita, na hali ya hewa kwa neno moja, maana safari ya matope ya mwezi wa tatu kwenda shambani haifanani na ya mwezi wa nane. Siku ya kujaza, tajiri na dereva wawe wote sheli, kila mmoja aandike namba kwa mkono wake kwenye daftari lake. Safari tatu za namna hiyo zinatosha kuona kama kuna kilichobadilika. Na alama za kijiti zichongwe kwa msumeno wa chuma, zisiandikwe kwa kalamu. Dizeli inafuta wino.