Kurudi Mashambani: Tupime Kwanza, Tufunge Mizigo Baadaye



Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo liko karibu katika kila boma. Kuna mtoto wetu, ndugu yetu au shemeji yetu aliye Nairobi, Mombasa au Nakuru, na amepiga simu akisema, "Huku maisha yamekuwa magumu, nataka kurudi nyumbani." Sisi tulio mashambani mara nyingi tunajibu haraka. Wengine husema, "Njoo, shamba liko, huwezi kulala njaa." Wengine husema, "Kaa huko huko, huku hakuna kitu." Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna lililopimwa.

Jambo lenyewe si geni. Kuanzia mwaka 1993 serikali ilipunguza wafanyakazi wake, na wengi walirudi nyumbani na pesa za kuachishwa kazi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga kazi nyingi mijini, familia nyingi zilirudi tena. Kuna waliotulia na leo ni nguzo za vijiji vyao. Kuna pia waliomaliza pesa zote kabla ya mavuno ya kwanza.

Lengo la somo: Kikundi kiweze kusaidia familia moja kupima faida na hasara za kuhamia mashambani, bila kuiamulia.

Vitu vya kutayarisha: Konzi chache za mahindi, konzi chache za maharagwe, na kijiti cha kuchora chini.

1. MFANO WA BABA NA MAMA MWENDE

(Mtu mmoja asome kwa sauti, polepole. Watu hawa tumewatunga, lakini mambo yao mnayajua.)

Baba Mwende alifanya kazi kiwandani Nairobi kwa miaka 14. Kiwanda kilipofungwa alipewa malipo yake ya mwisho. Jioni ile akaketi na kalamu. Kodi ya nyumba ni shilingi 4,000 kwa mwezi, hiyo ni 48,000 kwa mwaka. Kuna maji ya kununua, makaa, nauli. Akasema, "Nyumbani vitu hivi vyote ni bure. Tunaenda Machakos."

Mama Mwende alikuwa akiuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Hakuna aliyemwuliza ile meza inaingiza pesa ngapi. Naye akanyamaza, kwa sababu aliona bwana yake ameshaamua.

Walifika Januari, lori limejaa. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha, na mahindi yaliyokuwa yakikauka shambani yalikuwa ya ndugu yake Baba Mwende, ambaye ndiye aliyekuwa akililima shamba la baba yao miaka hiyo yote. Ndugu alisaidia kushusha mizigo, lakini hakusema mengi. Baba Mwende akajenga nyumba ya mabati, akanunua ng'ombe wa gredi. Mvua ya Machi ikanyesha kidogo, ikakatika. Kufikia Juni ng'ombe alikuwa anakunywa mitungi mitatu ya maji kwa siku, na maji yako kilomita 2. Ni nani waliokuwa wakienda kisimani? Mama Mwende na binti yake. Agosti ng'ombe akauzwa kwa hasara. Siku hiyo Mama Mwende akasema neno alilokuwa ameliweka moyoni tangu Nairobi: "Ile meza yangu ya mboga ndiyo ilikuwa inatulisha."

Maswali ya kujadili:
- Hesabu ya Baba Mwende ilikuwa ya uongo? Ilikosa nini?
- Kwa nini Mama Mwende alinyamaza? Sisi kwetu tunafanya vipi?
- Ndugu yake alikuwa na haki ya kununa?

2. FAIDA ZILIZO ZA KWELI

Tusije tukasema kijijini ni shida tupu. Kodi ya nyumba inakwisha, na hiyo ni pesa kubwa. Mboga, mayai na maziwa vinaweza kutoka nyumbani. Wazazi wazee wanapata mtu wa kuwaangalia usiku wakiugua. Watoto wanajua jamaa zao na lugha ya nyumbani. Siku hizi pia mtu anaweza kupokea na kutuma pesa kwa simu akiwa kijijini, jambo ambalo halikuwako kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007. Mtu mwenye ufundi, kama vile kushona, kuchomelea vyuma au kutengeneza pikipiki, anaweza kupata wateja hata huku.

Hizo ziwekwe kwenye mizani. Lakini mizani ina upande wa pili.

3. GHARAMA ZILIZOJIFICHA

Chakula si bure. Tupige hesabu pamoja. Familia ya watu watano wakila gorogoro moja ya mahindi kwa siku, ambayo ni kama kilo 2, kwa mwaka watakula kilo 730. Hayo ni magunia 8 ya kilo 90. Je, shamba lile linatoa magunia 8? Likitoa 4, basi 4 yatanunuliwa, na mara nyingi yatanunuliwa wakati bei iko juu, kwa sababu kila mtu ghala lake limeisha.

Mavuno ya kwanza yako mbali. Kwetu Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya vuli, Oktoba hadi Disemba. Anayehamia Januari akikosa mvua ya Machi, mavuno yake ya kweli ya kwanza ni Februari ya mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi 13 ya kununua unga. Halafu kuna miaka ambayo mvua inakataa kabisa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, sehemu nyingi kavu za Kenya zilikosa mvua nzuri misimu mitano mfululizo. Nyumba yenye tegemeo moja tu, yaani shamba, iliumia kuliko ile iliyokuwa na kibiashara kidogo pembeni.

Maji yana mgongo unaoyabeba. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja, hiyo ni mitungi 5 kwa siku. Kama kisima kiko kilomita 2 na mtu anabeba mtungi mmoja, atatembea kilomita 20 kwa siku, kwenda na kurudi. Ng'ombe wa maziwa akiongezwa, mambo yanazidi. Punda hubeba mitungi minne kwa safari moja, na tangi la kuvunia maji ya mvua hupunguza safari hizo. Kwa hivyo mahali pengi punda au tangi lingetangulia, ng'ombe akafuata.

Shamba ni la nani? Hapa ndipo familia nyingi huvunjika. Usiseme "shamba letu" kabla ya kuuliza jina lililo kwenye hati. Kama ni la baba aliyefariki na urithi haujashughulikiwa, kaeni kikao cha jamaa wote kwanza, pamoja na dada zenu. Katiba ya mwaka 2010 inakataa ubaguzi wa wanawake katika mila na sheria za ardhi. Kama mtu ananunua kipande, aangalie rekodi ya shamba hilo katika ofisi ya ardhi, na asilipe pesa zote kabla ya kibali cha bodi ya ardhi. Karatasi iliyoandikwa hotelini na mashahidi wawili haitoshi. Na yule ndugu aliyekuwa akilima apewe muda wa kuvuna alichopanda.

Matibabu na shule. Aliyekuwa akikatwa bima kwenye mshahara, sasa atajilipia mwenyewe. Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na asiye na mshahara anatakiwa kulipa mchango wake wa mwaka. Ulizeni pia: dispensari ya karibu ina dawa? Mama akishikwa na uchungu usiku, boda boda itapatikana? Mtoto ataenda shule gani, na atatembea umbali gani?

Pesa ya kila wiki. Mjini pesa kidogo kidogo huingia kila siku. Shambani huingia kwa msimu. Lakini chumvi, sabuni, mafuta na karo havingojei msimu. Hii ndiyo meza ya Mama Mwende. Kabla ya kuivunja, lazima tujue ni nini kitakachokaa mahali pake.

4. KUPIMA KWA MAHINDI NA MAHARAGWE

Njia hii haihitaji kusoma wala kuandika.

a) Chora mraba chini, uugawe katika vyumba saba. Katika kila chumba weka alama: jani ni chakula, kifuniko cha mtungi ni maji, sarafu ni pesa ya kila wiki, udongo ni shamba, majani ya mwarobaini ni matibabu, kalamu ni shule, na mawe matatu ya jiko ni jamaa.

b) Kwa kila chumba mtu ajiulize, "Tukihamia, jambo hili litakuwa afadhali au baya zaidi?" Likiwa afadhali, aweke mahindi, moja hadi tano. Likiwa baya zaidi, aweke maharagwe, moja hadi tano.

c) Bwana aweke zake mwenyewe. Kisha ziondolewe, bibi aweke zake bila kuambiwa za bwana. Watoto wakubwa nao wafanye hivyo. Katibu akumbuke au aandike kila mzunguko.

d) Sasa linganisheni. Bwana akiweka mahindi matano kwenye sarafu, na bibi aweke maharagwe matano hapo hapo, msikimbie. Hicho ndicho chumba cha kuzungumzia. Wenye nyumba ndio wazungumze, kikundi kisikilize.

Tahadhari moja: msihesabu tu jumla. Chumba cha maji kikiwa na maharagwe matano, mahindi kumi ya vyumba vingine hayataleta maji nyumbani. Kwanza jibuni: tutafanya nini juu ya hicho chumba? Kama hakuna jibu, kuhama kungoje.

5. NJIA YA KATIKATI

Kuhama si lazima kuwe kwa siku moja na lori moja. Mara nyingi tunashauri hatua hizi:

- Mmoja atangulie msimu mzima, apande na avune, huku mwingine akishikilia kazi au biashara ya mjini.
- Pesa za kuachishwa kazi zigawanywe mafungu matatu kabla ya kuguswa: chakula na karo ya miezi 13, kazi ya kuingiza pesa, na akiba ya ugonjwa. Nyumba nzuri ingoje. Chumba kimoja cha mabati kinatosha kuanzia.
- Anzeni na kidogo: kuku kumi wa kienyeji kabla ya mia moja, mbuzi kabla ya ng'ombe wa gredi.
- Watoto wahame mwisho wa mwaka wa shule.
- Muweke tarehe ya kupima tena. Kama baada ya mwaka mambo hayaendi, kurudi mjini si aibu.

6. KAZI YA KIKUNDI

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tungeongeza: mwonyeshe na mahali pa kulimia. Anayerudi baada ya miaka 14 hajui mbegu gani inavumilia ukame wetu, wala mnunuzi gani hulipa kwa wakati. Nyinyi mnajua. Mkaribisheni kwenye kikundi, lakini msimkimbilie kwa sababu ya pesa zake. Tumeona mara nyingi: mwezi wa kwanza anaombwa mikopo na kila mtu, mwezi wa sita anachekwa. Mama naye aulizwe alikuwa akifanya kazi gani mjini. Huenda Mama Mwende angeanza na meza ndogo siku ya soko wiki ile ile ya kufika, kama kuna mtu angemwuliza.

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja azungumze na mtu wake aliye mjini, amwulize maswali mawili: "Kwenu ni nani huleta pesa ya chakula cha kila siku? Na huyo anasemaje juu ya kurudi?" Msimpe ushauri bado. Leteni majibu, tuyaweke kwenye mraba pamoja.