SOMO LA 9: MTOTO ANAYETANGULIZA MATAKO

Mama, soma somo hili pamoja na mume wako kabla mwezi wa tisa wa mimba haujafika.

Mtoto aliye tumboni hugeuka-geuka. Katika juma la 28, mmoja kati ya wanne au watano bado ameelekeza matako chini. Wengi hugeuka wenyewe. Siku za kuzaa zikifika, wanabaki 3 au 4 tu katika kila 100.

Sababu gani ni hatari?

Kichwa ni kikubwa na kigumu. Kikitangulia, kinafungua njia, na mwili unafuata. Matako yakitangulia, kichwa kinaweza kukwama nyuma na kubana kamba ya kitovu, mtoto akakosa hewa.

Mwaka 2000 waganga walitangaza habari za wanawake 2,088 wa nchi 26 wenye watoto wa namna hii. Kwa wale waliopangiwa kupasuliwa, watoto 16 katika kila 1,000 walikufa au waliumia vibaya. Kwa wale waliopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida walikuwa 50. Lakini upasuaji unaacha kovu katika tumbo la uzazi, na katika mimba nyingine kovu hilo linaweza kupasuka wakati wa uchungu. Kwa mama anayekaa mbali na hospitali, hilo si jambo dogo. Basi ni heri mtoto ageuzwe mbele ya kuzaa.

Anageuzwa namna gani?

1. Njoo hospitali juma la 36 kama ni mimba ya kwanza; juma la 37 kama umekwisha kuzaa.
2. Mganga atapima tumbo na kusikiliza moyo wa mtoto.
3. Anaweza kukupa dawa ya kulegeza tumbo la uzazi. Kisha kwa mikono miwili atainua matako na kusukuma kichwa polepole. Hakuna kisu wala dawa ya usingizi. Ukiumia sana, sema, ataacha.
4. Atasikiliza tena moyo wa mtoto.

Karibu nusu ya watoto hugeuka, na zaidi kwa wanawake waliokwisha kuzaa. Wachache sana hurudi nyuma. Kwa hiyo wanawake wanaopasuliwa hupungua.

Angalia sana

Katika kila wanawake 200 wanaogeuziwa mtoto, mmoja hivi hupasuliwa kwa haraka. Kwa hiyo kazi hii ni ya hospitali yenye chumba cha upasuaji. Usikubali mtu akukande tumbo nyumbani ili amgeuze mtoto: hajui kondo la nyuma liko wapi. Kama una mapacha, unatoka damu, au maji yamevunjika, mtoto hageuzwi. Nenda kwa mganga upesi.

Mtoto akikataa kugeuka, usingojee uchungu kijijini. Kaa karibu na hospitali.

MASWALI
1. Sababu gani kichwa kitangulie?
2. Wewe uje juma gani?
3. Sababu gani mtoto asigeuzwe nyumbani?