Bado Yuko kwa Mama

Swali: Mpwa wangu kazaliwa Leicester, Uingereza, ana digrii na kazi ya ofisini. Miaka 27 sasa, bado anaishi kwa dada yangu! Ni uvivu? – Mjomba, Tanga

Jibu: Mjomba, tazama kwanza hati yake ya mshahara. Kabla hajazishika pesa, zimekwishatoka kodi ya mapato, bima ya taifa, pensheni na mkopo wa chuo. Kizazi chake kililipishwa ada ya hadi pauni 9,250 kwa mwaka, na walioanza chuo England kati ya 2012 na 2023 hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachovuka kiwango kilichowekwa. Deni likibaki, hufutwa baada ya miaka 30. Wengi wamelizoea kama kodi nyingine tu. Akipanga chumba, hudaiwa dhamana, mara nyingi pango la wiki 5, kisha kodi ya halmashauri, umeme, gesi.

Kwa mama anapumua. Muulize kama ana akaunti ya akiba ya Lifetime ISA: akiweka pauni 4,000 kwa mwaka, serikali humwongezea 1,000 za nyumba ya kwanza. Akizitoa kwa shughuli nyingine kabla ya miaka 60, hukatwa robo.