Somo la Lugha ya Hesabu: Neno "Qualified"

Taarifa ya mkaguzi wa hesabu, awe ametoka katika Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982, au kwingineko, huweza kufika chamani ikiwa kwa Kiingereza. Iwe ni chama cha kahawa Rungwe au cha pareto Mufindi, neno moja huwapoteza wasomaji wengi: "qualified".

Maana. Mtu aliye "qualified" ni mwenye sifa zitakiwazo kwa kazi fulani. Kwa hiyo msomaji aonapo "qualified opinion" hudhani hesabu zimesifiwa, na aonapo "unqualified opinion" hudhani zimekataliwa. Ukweli ni kinyume chake.

Asili. Neno hili limetokana na Kilatini: "qualis", yaani "wa namna gani", na "facere", yaani "kufanya". Katika shina hilo zimechipuka maana mbili: kupata sifa, na kuiwekea kauli mpaka. Mtunza ghala asemaye, "Magunia yote yamefika, isipokuwa kumi," ameiwekea kauli yake mpaka.

Matumizi. Wakaguzi hutumia maana ya pili. "Unqualified opinion" ni maoni yasiyo na "isipokuwa". Ndiyo hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi. "Qualified opinion" ni hati yenye shaka: hesabu zimekubaliwa, isipokuwa mahali palipotajwa, kwa mfano mauzo ya mbolea yasiyo na stakabadhi. Hati isiyoridhisha, "adverse opinion", ni mbaya zaidi, kwani husema kuwa hesabu hazionyeshi hali halisi ya chama.

Yafaa ieleweke pia kwamba hati safi si ushahidi wa faida. Chama kilichopata hasara huweza kupewa hati safi, mradi hasara hiyo imeandikwa kwa ukweli.

Katibu akikosea tafsiri mbele ya Mkutano Mkuu, wanachama huweza kuipigia makofi hati yenye shaka huku mali yao ikipotea, au kumwondoa mtunza hazina mwaminifu. Hapana budi basi katibu ayatafute katika taarifa maneno "except for", yaani "isipokuwa", na kuisoma aya hiyo kwa Kiswahili kabla ya nyingine zote.

Maswali ya kujadili chamani:
1. Hati ya mwaka uliopita ilikuwa ya aina gani?
2. Kama ilikuwa na "isipokuwa", kasoro hiyo imekwisha kurekebishwa?