Kutoka Kazi ya Awali hadi Kupiga Picha za Uzazi: Somo kwa Wakazi wa Magwagwa

Katika wadi ya Magwagwa, mpiga picha huitwa kwenye harusi, mahafali, ubatizo na mazishi. Kuzaliwa kwa mtoto, tukio linalotangulia hayo yote, mara nyingi hupita bila picha, au huachiwa picha moja ya simu iliyopigwa siku kadhaa baadaye. Katika nchi mbalimbali wapo watu ambao kazi yao ni kupiga picha za uzazi pekee: ujauzito, leba, mtoto anapotoka, na saa yake ya kwanza kifuani mwa mama. Wengi wao walianzia kazi nyingine.

Somo hili ni la mkazi anayefikiria kuacha kazi aliyoisomea au aliyoizoea ili aingie katika kazi hii. Linaeleza anachokuja nacho, anachopaswa kujifunza, na sheria inayomlinda mama na mtoto mbele ya kamera.

1. Kazi ya awali haipotei

Sebastião Salgado wa Brazili alisomea uchumi na kuajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa jijini London. Katika safari zake za kikazi barani Afrika alibeba kamera ya mkewe. Mwaka wa 1973 aliacha ajira hiyo, akawa mpiga picha. Baadaye alipata sifa duniani kote kwa picha za wafanyakazi wa mashambani, migodini na viwandani, mambo aliyokuwa ameyasoma kama mwanauchumi. Hapa Kenya, Mutua Matheka alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kabla ya kujulikana kwa picha zake za jiji la Nairobi. Jicho lililofunzwa kuchora majengo ndilo lililoyapiga picha.

Ndivyo ilivyo kwa mkazi wa Magwagwa. Muuguzi aliyestaafu anajua hatua za leba, na anajua lini chumba kinahitaji utulivu. Mwalimu wa chekechea anajua kuzungumza na mwenye hofu bila kumharakisha. Karani amezoea kutunza faili na siri za watu. Mhudumu wa afya ya jamii anakaribishwa hadi ndani ya nyumba. Kamera hununuliwa kwa siku moja. Kuaminiwa huchukua miaka. Anayeacha kazi akiwa na jina zuri tayari anacho kifaa kigumu zaidi kupatikana.

2. Faida ya picha hizi

Mama aliye katika leba haoni yote yanayotendeka. Picha humrudishia saa ambayo uchungu na uchovu vilimnyang'anya: mkono wa dada yake ukimshika, uso wa mtoto kabla hajafungwa kwa shuka.

Picha za uzazi pia zimewahi kujenga. Tarehe 3 Desemba 1951, jarida la Life la Marekani lilichapisha picha za W. Eugene Smith kuhusu Maude Callen, mkunga mwenye asili ya Kiafrika aliyehudumia wanakijiji maskini wa South Carolina. Wasomaji waliguswa, wakatuma michango, na fedha hizo zikajenga kliniki iliyofunguliwa mwaka wa 1953.

Si kila uzazi huisha kwa furaha. Mwaka wa 2005, mama mmoja na mpiga picha mmoja wa Colorado, Marekani, walianzisha shirika la Now I Lay Me Down to Sleep. Wapiga picha wake hujitolea kuwapiga picha bila malipo watoto waliofariki wakati wa kuzaliwa, kwa ombi la wazazi. Kwa baadhi ya wazazi hiyo ndiyo picha pekee watakayokuwa nayo. Anayetaka kazi hii ajue mapema kwamba siku kama hiyo inaweza kumfikia, na kwamba siku hiyo wazazi pekee ndio wenye kusema kama kamera itatolewa mfukoni.

3. Idhini ya mama ndiyo ya kwanza

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri za mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Inamruhusu kuondoa idhini aliyoitoa, na inataka idhini ya mzazi au mlezi pale data inapomhusu mtoto. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi.

Kwa mpiga picha wa uzazi, hayo yana maana ifuatayo:

a) Idhini hutolewa na mama mwenyewe. Mume anayelipa, au mama mkwe anayetaka kumbukumbu, hawezi kukubali kwa niaba yake.

b) Idhini huombwa wakati wa ujauzito, mama akiwa ametulia na akiwa na nafasi ya kukataa. "Sawa" inayotamkwa katikati ya uchungu haitoshi.

c) Kupiga picha na kuchapisha picha ni mambo mawili. Kila moja liwe na sahihi yake. Mama anaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili, na bei isibadilike kwa sababu hiyo.

d) Mama akisema "acha" wakati wowote, kamera inashushwa papo hapo. Halazimiki kutoa sababu.

e) Katika wodi ya vitanda vingi, akina mama wengine hawajakubali lolote. Nyuso zao, sauti zao na majina yaliyoandikwa kwenye kadi zao yasionekane.

f) Msichana aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hata akiwa anajifungua. Asifanywe mteja wala tangazo.

4. Ndani ya chumba cha kujifungulia

Ruhusa ya mama peke yake haifungui mlango. Msimamizi wa kituo cha afya au hospitali lazima naye akubali, kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe. Kituo kikikataa, jibu hilo liheshimiwe; bado kuna picha za ujauzito na za mtoto akifika nyumbani. Mpiga picha asimshawishi mama kujifungulia nyumbani ili apate nafasi ya kupiga picha. Uhai wa mama na mtoto una uzito kuliko picha yoyote.

Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kuwa naye wakati wa leba. Ikiwa chumba kinaruhusu mtu mmoja tu, nafasi hiyo ni ya mtu wa kumtia moyo, si ya mpiga picha.

Akiruhusiwa kuingia, mpiga picha ananawa mikono, anavaa mavazi anayopewa, anazima taa na sauti ya kamera, na anasimama anapoelekezwa na mkunga. Hagusi vifaa vilivyotakaswa. Mama akianza kuvuja damu nyingi, au mtoto asipopumua, anatoka bila kungoja kuambiwa, na hapigi picha wahudumu wakipigania uhai.

5. Kuacha kazi kwa hatua

Haba na haba hujaza kibaba. Soko la picha za uzazi katika Magwagwa bado ni changa, hivyo si busara kuacha mshahara au banda la sokoni kwa siku moja.

Hatua ya kwanza: Aanze akiwa bado kazini. Ajifunze kutumia mwanga wa dirishani, kwa kuwa vyumba vingi ni hafifu na taa ya kamera haifai kwa mtoto mchanga. Apige picha za ubatizo na za ujauzito ili jamii imfahamu.

Hatua ya pili: Ahesabu gharama zote. Leba haina saa, na ya mtoto wa kwanza inaweza kupita saa 12. Nauli ya usiku, muda wa kungoja na vifaa vya kuhifadhia picha viingizwe katika bei.

Hatua ya tatu: Asajili jina la biashara kupitia eCitizen na kuchukua kibali cha biashara cha kaunti. Wanaohitaji mtaji wanaweza kuuliza masharti ya Hazina ya Uwezo au Hazina ya Wanawake.

Hatua ya nne: Alinde picha. Zihifadhiwe mahali pawili penye nywila, zikabidhiwe mama, na zifutwe kwa muda waliokubaliana. Simu iliyojaa picha za wateja isiazimwe mtu.

Hatua ya tano: Aache kazi ya awali pale tu mapato ya miezi kadhaa mfululizo yanapoonyesha kwamba kazi mpya inaweza kulisha nyumba.

Maswali ya kujipima

1. Ni ujuzi gani wa kazi yako ya sasa utakaokufaa karibu na mama aliye katika leba?

2. Mume amelipa pesa zote, lakini mama amebadili nia akiwa leba. Utafanya nini, na utamweleza mume nini?

3. Picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga inaonyesha uso wa mama wa kitanda jirani. Utaifanyia nini?

Aliyejibu swali la pili na la tatu bila kusita yuko tayari kuanza kuulizia bei ya kamera.