Kura Ilipigwa Juu ya Nguo ya Nani? Kabla Hujajiunga na Ligi ya Utabiri wa Mpira



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mdogo wetu mmoja anayesoma mwaka wa kwanza hapa Mbeya alinifuata nje ya kanisa, simu mkononi. "Kaka, nina linki tatu hapa, zote ni ligi za kutabiri mpira. Niingie ipi?" Nikamwomba anipe siku chache, maana jibu langu ni refu kuliko maongezi ya getini. Na nadhani si yeye peke yake mwenye linki za namna hiyo. Kwa hiyo somo la wiki hii ndilo hilo. Chukua Biblia yako, fungua Yohane 19:23-24, kisha Matendo ya Mitume 1:23-26. Soma kwanza, halafu tuendelee.

Umeona? Kura mbili. Ya kwanza inapigwa chini ya msalaba. Askari wamegawana mavazi ya Yesu, imebaki kanzu isiyo na mshono, wanaona ikichanwa itaharibika, basi waipigie kura. Ya pili inapigwa na mitume wenyewe, wakitafuta wa kushika nafasi ya Yuda kati ya Yosefu aitwaye Barsaba na Mathiya. Kitendo ni kilekile kwa nje. Ila Barsaba alipokosa, hakupoteza kitu. Alirudi na nguo zake mwilini. Pale Golgota kuna mtu alikuwa anavuliwa ili mwingine ashinde.

Kanisa halisemi kwamba kila bahati nasibu ni dhambi. Soma Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413. Kwa maneno yangu: michezo ya kubahatisha na kuwekeana dau si kosa kwa asili yake, inakuwa kosa pale inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wanaomtegemea. Inaonya pia kwamba tamaa ya mchezo inaweza kumfanya mtu mtumwa, na kwamba kudanganya mchezoni ni jambo zito, isipokuwa kama hasara yake ni ndogo mno. Vijana wengi wanaposikia kwamba si kosa kwa asili yake wanafunga kitabu hapohapo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa mwaka wa pili, Iringa. Hosteli tulikuwa na ligi yetu ya utabiri kwenye WhatsApp, watu 18, kila raundi mtu anatoa 5,000. Inakuja 90,000, admin anachukua 5,000 ya usumbufu, anayeongoza kwa pointi anabeba 85,000. Wiki moja nikashinda mimi. Nilipiga kelele korido nzima. Nikanunua chipsi kuku, nikaita chumba kizima tule. Mwenzangu wa kitanda cha juu hakushuka. Nikadhani ana hasira za kufungwa, nikamtania. Kesho yake ndiyo nikaambiwa na mwingine kwamba ile 5,000 yake, na za wiki tatu za nyuma, zilitoka kwenye hela aliyotumiwa na mama yake baada ya kuuza viazi, hela ya kulipia mtihani wa marudio. Alitaka aizungushe kidogo iongezeke. Nilimpelekea 20,000, akakataa. Aliona aibu, na mimi niliona aibu zaidi. Hakufanya mtihani ule, akalibeba somo lile hadi mwaka uliofuata.

Mimi sikumwibia mtu. Kila mmoja alitoa kwa hiari yake, kanuni zilifuatwa, nilitabiri vizuri. Na bado kila nikifika kwenye sura ile ya Yohane namfikiria yule askari aliyeondoka na kanzu, amefurahi, pengine naye akaenda kuwaonyesha wenzake.

Sasa turudi kwenye linki za mdogo wetu. Ya kwanza ni jackpot ya kampuni ya kubeti: tabiri mechi 13, nyumbani, sare au ugenini. Ni biashara halali. Kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Lakini piga hesabu. Kila mechi ina matokeo matatu. Zidisha tatu kwa tatu mara 13, unapata mikeka tofauti 1,594,323. Ukitaka kujaza yote kwa shilingi 1,000 kila mmoja, utahitaji zaidi ya bilioni moja na nusu. Kujua mpira kunasaidia kidogo tu. Novemba 2022 Yanga walikuja Mbarali wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, wakalala 2-1 kwa Ihefu pale Highland Estates. Mikeka mingapi ilichanika jioni ile! Mwezi Oktoba 2023 wakarudi palepale, wakafungwa tena 2-1. Na wazee wa Rungwe watakukumbusha Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania mwaka 1986. Mpira wa Nyanda za Juu Kusini haukopesheki kwa mtu anayesema "hii ni ya uhakika".

Neno hilo la uhakika linanipeleka kwenye linki ya pili: kundi la WhatsApp, 3,000 kwa wiki, na admin anauza pia "game za uhakika". Ligi yetu ina timu 16, kwa hiyo raundi 30. Hiyo ni 90,000 kwa msimu, bila hizo game anazouza. Na uhakika wenyewe mara nyingi unatengenezwa hivi. Jamaa ana watu 900. Anawaambia 300 timu ya nyumbani itashinda, 300 sare, 300 wageni watashinda. Mechi ikiisha, 300 wameona amepatia. Hao anawagawa tena mara tatu, wanabaki 100 walioona amepatia mara mbili mfululizo. Hao 100 sasa wanamwita nabii, na ndio anaowadai hela. Wale 800 wengine kawatoa kwenye kundi. Ukikutana na mtu anayejua matokeo ya kesho, soma Yakobo 4:13-14, halafu toka kwenye hilo kundi.

Ya tatu ni Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza. Hii ni bure. Unapewa pesa za mchezo milioni 100, unachagua wachezaji 15 (makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu), si zaidi ya watatu kutoka timu moja, na wenzako mnaungana kwa kodi ya ligi yenu. Ukikosea unapoteza pointi na utani wa wiki nzima. Nilimwambia kama ni kati ya hizo tatu, hiyo. Ila nayo ina mtego. Dirisha linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na mara nyingi hiyo ni Jumamosi mchana. Nimeshaona mwimbaji wa sauti ya tatu akibadilisha kapteni wake katikati ya mazoezi ya kwaya. Bando nalo ni hela.

Kama mnataka ya nyumbani, tengenezeni yenu, isiyo na kiingilio. Matokeo kamili pointi tatu, mshindi au sare pekee pointi moja. Kanuni ziandikwe kabla ya mechi ya kwanza, hasa mambo mawili. Kwanza, viporo: mechi ikiahirishwa, utabiri unabaki au unafutwa? Ugomvi mwingi unaanzia hapo. Pili, muda wa kufunga. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, kwa hiyo fungeni nusu saa kabla ya mechi na admin apige picha ya orodha. Kuhariri utabiri baada ya goli ni uongo hata kama zawadi ni soda. Soda yenyewe mchangie wote mwisho wa msimu, na asiye na hela anywe kama wengine.

Kwenye jumuiya wiki hii mjadili haya: hela ninayoweka ilikuwa ya kazi gani kabla ya kuwa dau? Je, nikishinda, naweza kumwambia kila aliyeshindwa nimeshinda kiasi gani huku namtazama usoni? Kuna mtu kwenye kundi letu ambaye amekuwa kimya siku za karibuni, na nani atamfuata leo? Mwenye deni la kubeti asione aibu kwenda kwa padre mlezi au kwa mkubwa anayemwamini. Yule mwenzangu wa Iringa hakwenda kwa mtu yeyote, na sisi tuliolala naye chumba kimoja hatukumuuliza.

Mdogo wetu ameamua kuanzisha ligi ya bure ya wanafunzi wenzake, Ligi Kuu Bara tu. Tulimpa kazi ya kuandika kanuni. Rasimu ya kwanza ameileta Jumanne, ukurasa mmoja, imeandikwa vizuri. Viporo hajavitaja.